Nyumba ya Eda Lamu, na Vigae Vilivyogeuka Rangi

Kutoka Mombasa hadi Lamu kwa basi ni safari ya siku nzima. Unapita Kilifi, Malindi, Garsen na Witu, hata ufike Mokowe, ambapo barabara hukoma na bahari huanza. Mara nyingi nimeisafiri njia hiyo kwa furaha, kwenda Maulidi au harusini. Safari hii sikuwa nakwenda kwa furaha. Shangazi yangu alikuwa amefiwa na mumewe, Allah amrehemu, na sisi watoto wa ndugu zake tulikuwa tumegawana zamu za kukaa naye hadi atakapomaliza miezi minne na siku kumi ya eda yake. Zamu yangu ilikuwa siku tisa. Ndani ya mkoba wangu, chini ya kanga na juzuu, nilikuwa nimeficha chupa ya tindikali ya kusafishia vyoo na brashi ya nyuzi ngumu.

Sababu ya chupa hiyo nilikuwa nimeelezwa kwa simu na binamu yangu. Katika juma la tatu la eda, alikuja mgeni mmoja kumpa shangazi mkono wa pole. Akaomba kuingia chooni, akatoka, akakaa mkekani, na mbele ya wanawake wote akasema: “Vigae vya choo chenu vimeingia najisi, mashangazi. Josho la mtu halisihi mle.” Hakuna aliyemjibu. Tangu siku hiyo shangazi aliacha kuoga ndani. Alfajiri na mapema akijitandia shuka kwenye pembe ya kiwanda cha nyumba, akiogea ndoo ya maji kwa kata, mwanamke wa zaidi ya miaka sabini mwenye ugonjwa wa pumu, katika miezi ya kusi ambapo upepo huingia hata uani. Alipoulizwa alisema tu kwamba uani kuna mwangaza mzuri zaidi.

Basi lilipopita njia ya kuingilia Mambrui nilikumbuka ziara tuliyofanya huko zamani na wanafunzi wa madrasa. Pale kuna kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za kauri za Kichina, zilizopachikwa ndani ya chokaa na mafundi wa kale. Siku ile nilishangaa jinsi chokaa ya pembeni ilivyokuwa imeingia weusi na kumomonyoka, ilhali bakuli zenyewe ziling’aa kama zilizotoka kuoshwa. Sikuona wakati huo kwamba jambo hilo lingenifaa siku moja. Nililiona dogo, nikalisahau mpaka nilipokuwa nimepiga magoti katika choo cha shangazi.

Boti ya Mokowe ilitufikisha gatini kabla ya magharibi. Punda wawili walikuwa wakipandishwa mifuko ya saruji iliyoshushwa jahazini, nami nikawaza kwamba katika mji huu kila kigae na kila mfuko wa saruji hupita baharini kwanza, kisha mgongoni mwa mnyama, ndipo ufike mlangoni pa mtu. Anayesema kwa wepesi “vunjeni mtie vipya” huwa hajalipa gharama ya punda.

Nyumba ya shangazi iko katika vichochoro vya nyuma, mbali na barabara ya pwani. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye dari za boriti za mikoko, kuta zake nene hata mtu akikaa ndani hasikii jua la saa saba. Nilimbusu mkono shangazi, tukalia kidogo, kisha akaniuliza kama nimekula. Hakuwa na hina mikononi wala harufu ya udi katika nguo zake, na nyumba ile ambayo sikuwahi kuijua pasi na harufu ya udi ilinijia kama nyumba ya watu wengine.

Choo chenyewe (nasi watu wa pwani tukisema choo twakusudia na mahali pa kuogea) kimo ndani kabisa, nyuma ya chumba cha kulala, bila dirisha isipokuwa tundu dogo juu ya ukuta. Ndivyo walivyojenga wazee wa Lamu, ili mtu wa nyumbani asitoke nje usiku. Kwenye pembe pana birika la chokaa la kuwekea maji, na humo waogelea samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa ya birika pamepachikwa bakuli la kauri, ili maji yakiisha au yakitolewa kusafishwa birika, samaki wabakiwe na kidimbwi cha kuishi. Mimi bado sijaona hoteli yenye bafu lililofikiriwa kwa huruma ya namna hiyo.

Upande wa pili ndipo penye vigae. Marehemu aliviweka mwenyewe, miaka mingi nyuma, alipofunga bomba na shawa ili mkewe asiiname birikani. Hakuwa fundi. Alikuwa karani wa forodhani, na kila kigae alikipima kwa rula ya ofisini. Rangi yake ilikuwa samawati hafifu. Sasa ukuta ule ulikuwa na rangi nne: michirizi ya hudhurungi iliyoshuka kutoka kwenye bomba, ukoko mweupe wa kukwaruza kuanzia kiunoni, weusi kwenye viungo vya saruji, na chini kabisa, katika safu mbili za mwisho, kiwingu cha kahawia kilichoonekana kana kwamba kimo ndani ya kigae chenyewe.

Hapa napaswa kukiri kosa langu, maana nimeliandika shairi hili zima kwa ajili yake. Nisamehe, msomaji, si shairi, ni makala. Lakini nimelibeba kama shairi kwa wiki nyingi.

Asubuhi ya pili, binti wa binamu yangu, msichana mwenye bidii, alitangulia kuumwagia ukuta ule jiki tupu bila kuichanganya na maji, akauacha “ulowe.” Hakuniambia, nami sikuuliza. Nilipoingia nilikuta sakafu ina majimaji, nikadhani ni maji ya kuoshea. Nikafungua chupa yangu ya tindikali, nikamimina kuanzia juu. Haukupita muda wa kusoma Fatiha, ukapanda mvuke wenye harufu kali ya kuchoma, macho yakajaa machozi na kifua kikafungwa kama kilichokazwa kamba. Nilitoka nikikohoa. Na chumba kilicho mbele ya choo hicho, chumba pekee ambamo hewa yake hupita, ndimo alimokuwa amelala shangazi.

Tulimnyanyua watu wawili, tukampandisha juu kwenye paa, akipumua kwa sauti ya mluzi. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa chini ya mto. Msichana alirudi kuichukua huku ameziba uso kwa leso, jambo ambalo leo nisingemruhusu kulifanya. Tulikaa paani mpaka adhuhuri. Binamu yangu alikuwa tayari kumpeleka hospitali, na shangazi akitikisa kichwa kwa sababu ya eda, hata ikabidi nimwambie kwa ukali nisiouzoea kwake kwamba dharura ya matibabu humruhusu mwenye eda kutoka, na kwamba nikimwona midomo imegeuka rangi sitamwomba ruhusa. Alhamdulillahi, mluzi ulipungua, akaomba maji.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa kuwa chupa hizi mbili zimo katika nyumba zetu nyingi, mara nyingi ndani ya kikapu kimoja. Jiki ikikutana na tindikali hutoa hewa ya klorini, nayo huunguza mapafu. Siki na ndimu nazo ni tindikali, ingawa ni pole, kwa hiyo haziwekwi pamoja na jiki, hata kwa nia njema. Wala jiki haichanganywi na dawa za kusafishia zenye amonia. Likitokea kosa, mtu hatakiwi kusugua wala kumwaga kitu kingine juu yake. Atoke, awatoe waliomo, aache milango wazi, arudi baada ya hewa kusafika ndipo amwagie maji mengi. Choo kisicho na dirisha hakisamehe mzaha.

Jioni shangazi aliniita. Hakunilaumu. Alisema: “Mwanangu, wewe umekuja na dawa kabla hujamuuliza mgonjwa anaumwa wapi.” Kisha akanituma nilete birauli la shaba lililokuwa kwenye kidaka. Akaniuliza shaba ile ikiingia weusi huwa naisafisha na nini. Nikamjibu, na ukwaju. Akaniuliza kama naisugua na jiki. Nikacheka.

Siku iliyofuata tuliusoma ukuta pamoja, yeye akiwa kwenye kiti mlangoni na mimi nikiwa na taa. Michirizi ya hudhurungi ilianzia mahali pamoja, kwenye kiungo cha bomba la zamani la chuma, palipokuwa pakivuja tone moja moja. Hiyo ilikuwa kutu. Kutu ni chuma kilichokwisha kuliwa na hewa na maji, na jiki haiwezi kuiondoa. Bali hukiozesha zaidi chuma kilichomo majini na kukikaza pale ukutani. Ndiyo sababu yule msichana, kwa miezi, alikuwa akimwaga jiki na doa likizidi kukomaa. Tulifunga kiungo kwa utepe wa mafundi ili kisivuje, kisha nikaukanda ukwaju na maji kidogo, bila chumvi, mpaka ukawa uji mzito. Nililoweka kwanza vigae na viungo vyake kwa maji matupu, maana tindikali yoyote, hata ya tunda, hula saruji ikiwa kavu. Nikapaka ule uji juu ya michirizi peke yake, nikafunika kwa kitambaa kibichi, nikangoja nusu saa. Mara ya kwanza rangi ilipungua. Mara ya tatu, siku ya pili yake, samawati ilirudi.

Ukoko mweupe ulikuwa mwepesi zaidi. Maji ya visiwa vyetu hupita katika mchanga na mawe ya matumbawe, yakibeba chokaa iliyoyeyuka. Yakikauka ukutani huiacha, na sabuni hujibandika juu yake. Siki iliyotiwa maji ya uvuguvugu, nusu kwa nusu, katika kitambaa kilichobandikwa kwa robo saa, ililegeza yote. Nilikuwa mwangalifu nisifikishe siki kwenye birika. Birika ni chokaa tupu, na kinachokula ukoko wa chokaa hakijui kutofautisha ukoko na birika. Mwenye marumaru ya kweli nyumbani kwake naye ajihadhari vivyo hivyo, siki na ndimu huitoa marumaru mng’ao. Na uzi wa chuma wa kusugulia masufuria usiguse kigae kabisa, kwani hukwaruza ile ngozi ya kioo, na vipande vyake vikibaki hugeuka kutu mpya.

Weusi wa kwenye viungo ulikuwa kuvu. Kwa huo ndipo jiki ilipofaa, kijiko kimoja kwa vijiko kumi vya maji, kwa mswaki uliochakaa, siku nyingine kabisa baada ya kusuuza siki yote, mlango ukiwa wazi na shangazi akiwa juu paani pamoja na wajukuu.

Zikabaki zile safu mbili za chini. Ukwaju haukuzibadili, wala siki. Hapo ndipo nilipozikumbuka bakuli za Mambrui. Ngozi ya kioo ya kauri haishiki rangi kirahisi. Ikiwa nzima, uchafu hukaa juu yake na huondoka. Basi rangi isiyoondoka imo mahali pengine. Nilileta taa karibu nikaona nyufa nyembamba kama nywele zimekienea kila kigae. Nilipogonga kwa kifundo cha kidole, safu za juu zilijibu kwa sauti ya jiwe, na hizi za chini kwa sauti ya debe tupu. Tukaacha kutumia shawa siku mbili. Siku ya tatu kingo za kile kiwingu zilikuwa zimefifia kwa upana wa kidole. Ulikuwa unyevu, uliokuwa nyuma ya vigae na ndani yake.

Fundi mzee wa mtaani, tuliyemwita akaingia pamoja na binamu yangu wa kiume, alieleza kwa maneno machache. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji na hupumua. Ndivyo unavyoishi miaka mia mbili. Ukiuziba kwa saruji na vigae, maji yakiingia kwenye ufa mmoja hayana pa kutokea. Hukaa, hupanda na chumvi, na hukisukuma kigae polepole. Aliyevisugua vigae vile kwa mwaka mzima angekuwa anaisugua glasi ya dirisha ili aondoe mvua ya nje.

Lakini neno la yule mgeni lilikuwa bado limekaa katika nyumba. Nilimwendea mwalimu wa kike anayesomesha wanawake fiqhi, nikamweleza bila kutaja jina la mtu. Alinijibu kwa utulivu kwamba kutu, chokaa na unyevu si najisi hata kidogo, ni vitu vya ardhi. Maji yaliyogeuka rangi kwa sababu ya mahali yanapopita au yanapokaa, kama bomba, udongo au kuvu wa birikani, hubaki na utohara wake katika madhehebu yetu ya Shafii, na mtu hutawadha nayo na kuoga josho. Akaongeza kwamba hata najisi yenyewe, ikisha kuoshwa kwa juhudi na rangi yake ikakataa kutoka, rangi hiyo husamehewa. Nikamuuliza kama angekuja kusema hayo mbele ya shangazi. Akaja siku ile ile baada ya alasiri. Hakutoa hotuba; aliomba maji, akatawadha katika choo kile kile, akatoka akasali mkekani karibu na shangazi.

Shangazi hakusema neno. Alfajiri ya siku ya nane niliamka nikasikia maji ya shawa.

Yalibaki mashauri ya jamaa. Wanawe wawili, mmoja yuko Mombasa na mwingine Jeddah, walitaka ukuta wote ubomolewe na kuwekwa vigae vipya vikubwa vyeupe kabla ya siku ya kutoka eda, ili wageni wakija wasione kitu. Walikuwa tayari kutuma fedha, na nia yao ilikuwa nzuri. Shangazi aliwasikiliza wote wawili kwenye simu, kisha akasema hataki nyundo nyumbani mwake akiwa katika eda, na hataki vigae vyeupe kabisa. Mimi nilikuwa upande wake, ila nikaona lazima zile safu mbili ziondolewe baadaye, la sivyo chumvi itapanda mpaka kwenye vigae vizima.

“Inama chini ya kitanda,” akaniambia.

Palikuwa na kasha la kadibodi lililofungwa kwa kamba, na juu yake hati ya marehemu, mwandiko ule wa vitabu vya forodha: idadi, tarehe, na neno “akiba.” Ndani mlikuwa na vigae kumi na vitatu vya samawati hafifu. Nilikwenda kuhesabu ukutani. Kila safu ina vigae tisa. Kwa safu mbili tungehitaji kumi na vinane.

Shangazi alifikiri kidogo. Akasema safu ya juu iwekwe vigae tisa vya akiba, na ya chini iachwe bila vigae, ipakwe niru kama kuta za mamake, ili ukuta upumulie hapo na unyevu ukija uonekane. Vinne vitakavyobaki vifungwe tena na virudi chini ya kitanda. Fundi alipoulizwa alikubali, akasema lazima kwanza ukuta ukaushwe uchi kwa majuma kadhaa, na bomba la chuma litolewe litiwe la plastiki.

Niliondoka kwa boti ya asubuhi. Hesabu ya eda ilikuwa imebakiza siku sabini na moja, na fundi amepewa siku ya sabini na tatu. Shangazi alinisindikiza mpaka nyuma ya mlango, asivuke kizingiti, akanikabidhi karatasi ya vitu vya kuletwa na atakayeshika zamu baada yangu: bomba la plastiki la nusu inchi, viungo vyake viwili, na ukwaju wa Mombasa, kwa kuwa wa sokoni kwao, alisema, una mbegu nyingi kuliko nyama.